Sura ya Nne: Zamu ya Kitochi

Kizuka iko kando ya barabara ya lami itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, Ziwa Tanganyika likiwa upande mmoja na vilima vya michikichi upande wa pili. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huwasha taa ziwani, kwa kuwa ndagala hufuata mwanga, na ukisimama ufukweni unaziona zimetapakaa hadi chini ya milima ya Kongo. Katika vyombo hivyo hakukosi mtu mwenye kitochi, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Mnunuzi anapiga alfajiri kuuliza kama mzigo upo. Mke anapiga kuuliza kama upepo umetulia. Simu inaita, inapokewa, watu wanasikilizana, na habari inaishia hapo.

Ningependa isiishie hapo. Simu ile ndogo, ya bei ambayo mvuvi anaimudu, inatimiza kazi ya nidhamu kubwa ambayo haionekani kwa macho. Inatimiza ahadi za muda, maelfu kwa maelfu katika kila mazungumzo, na haina ruhusa ya kuchelewa. Programu inayoiwezesha kufanya hivyo inaitwa mfumo endeshi wa wakati halisi. Imo ndani ya vitu vingi tunavyoshika kila siku, na bado ni wachache mno miongoni mwetu wanaosema Kiswahili waliowahi kuelezwa ni kitu gani.

Ushahidi wa kwanza unaweza kuusikia kwa masikio yako. Weka kitochi karibu na redio ya betri, kisha mwambie mtu akupigie. Kabla simu haijaita, redio inakwaruza: trr-tik, trr-tik, trr-tik. Ukipokea, mkwaruzo unageuka kuwa mvumo wa mfululizo. Mvumo huo unatokana na simu kuwasha na kuzima kirusha mawimbi chake mara 217 hivi kwa sekunde. Haikuwa nia ya mtu yeyote kwamba tuisikie. Waya za redio zinanasa tu nguvu inayopanda na kushuka, na spika inaigeuza kuwa sauti.

Kwa nini iwashe na kuzima? Kwa sababu mnara mmoja unahudumia watu wengi. Katika mtandao wa kizazi cha pili, ule wa GSM ambao simu yake ya kwanza ya hadharani ilipigwa Finland mwaka 1991 na ambao vitochi vingi bado vinautumia, masafa mamoja hugawanywa kwa simu nane. Hazisemi kwa pamoja. Kila moja hupewa nafasi ya mikrosekunde 577, yaani zaidi kidogo ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Zikimaliza zote nane, milisekunde 4.615 zimepita, na zamu inarudi kwa ya kwanza. Sauti ya mvuvi hukatwa vipande vidogo, ikasukumwa ndani ya nafasi hizo, na kuunganishwa upande wa pili kwa namna ambayo sikio haligundui kwamba palikuwa na mkato.

Sasa fikiria simu imechelewa kidogo. Haijakosea neno wala haijapoteza sauti, imechelewa tu. Kipande chake kitaangukia kwenye nafasi ya simu nyingine, na vyote viwili vitaharibika. Hapa ndipo ulipo msingi wa somo zima. Katika mashine za aina hii, jibu sahihi lililochelewa limeshakuwa kosa, na linaweza kumuumiza hata yule ambaye hakuhusika.

Ziwa linaongeza ugumu mwingine. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, lakini hata mwanga hutumia muda. Mvuvi akiwa kilomita 20 kutoka mnarani, sauti yake inachukua takribani mikrosekunde 67 kufika, na alama ya mnara iliyomwambia aanze nayo ilichukua mikrosekunde 67 kumfikia. Akingoja zamu yake kwa kufuata anachokisikia, atakuwa amechelewa mara mbili. Kwa hiyo mnara hupima ucheleweshaji huo na kuiamuru simu iwahi kusema. Amri hiyo hutolewa kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 63, na kila ngazi ni mita 550 hivi za umbali. Ngazi ya mwisho inaishia kwenye kilomita 35. Ukivuka hapo, hata kama mawimbi yanasomeka vizuri, simu haina tena namna ya kuwahi zamu yake, isipokuwa mnara uwe umepangwa maalumu kwa masafa marefu. Ziwa lina upana wa wastani wa kilomita 50, na maji hayana vilima vya kuzuia mawimbi. Mtandao unaweza basi kumkatikia mtu wa majini kwa sababu ya muda peke yake, ilhali nguvu ya mawimbi ingali ipo.

Mtazame fundi simu pale anapofanyia kazi, kitochi kikiwa kimefunguliwa mbele yake. Akiondoa kile kifuniko cha bati kinachofunika katikati ya bodi, utaona chipu moja kubwa nyeusi na, karibu yake, kisanduku cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya kisanduku hicho kuna fuwele inayotetema, kwa kawaida mara 26,000,000 kwa sekunde. Kasi ya data ya GSM ni biti 270,833 kwa sekunde, na ukigawanya milioni 26 kwa 96 unapata namba hiyohiyo. Haikutokea kwa bahati. Zamu nzima ya simu nane inahesabiwa kutoka kwenye mtetemo wa fuwele ile, nayo simu huirekebisha kidogo kidogo kila wakati ili iende sawa na saa ya mnara. Fuwele ikipata hitilafu, kwa mfano baada ya kipigo cha kuanguka kwenye mwamba, simu inaweza kuwaka vizuri, ikaonyesha menyu zote, ikacheza redio, na bado isipate mtandao.

Mipaka ya mikrosekunde yenyewe hulindwa na saketi za kuhesabia muda ndani ya chipu. Programu ina wajibu tofauti: kila baada ya milisekunde 4.615 iwe imeshaandaa maelekezo ya mzunguko unaofuata, masafa gani, nguvu kiasi gani, kipande gani cha sauti, na iyaweke mahali pake kabla saketi hazijayahitaji. Na wakati huohuo mwenye simu anabonyeza vitufe, ujumbe unaingia, tochi inawashwa, betri inapimwa, au mtoto anacheza mchezo wa nyoka. Kichakataji ni kimoja, na kwa wakati mmoja hufanya jambo moja tu.

Kuna njia nyepesi ya kupanga kazi hizo: zungusha. Angalia vitufe, kisha angalia ujumbe, kisha chora skrini, kisha shughulikia mnara, rudi mwanzo. Mashine nyingi ndogo zinafanya hivyohivyo na zinafaa kabisa. Kidhibiti cha bei nafuu kinachochaji betri ya taa ya sola, kwa mfano, hakihitaji zaidi. Kinapima volti, kinaamua kama kiendelee kuchaji au kiache, kinarudia. Kikichelewa nusu sekunde, betri haitajua. Nawasihi vijana wanaoanza wasione aibu kutumia mzunguko wa namna hiyo pale unapotosha. Lakini kwenye kitochi mzunguko huo ungekuwa balaa, kwa sababu siku ambayo kuchora picha kwenye skrini kutachukua milisekunde 10 badala ya 3, zamu mbili za mnara zitakuwa zimepita patupu.

Ndiyo maana kukawa na mfumo endeshi wa wakati halisi. Kila jukumu huandikwa kama kazi inayojitegemea, na kila kazi hupewa kipaumbele. Moyo wa mfumo ni kipanga zamu, kipande kifupi cha programu chenye sheria moja: katika kazi zote zilizo tayari, inayoendelea ni yenye kipaumbele cha juu. Kazi ya juu ikiwa tayari wakati ya chini inaendelea, ya chini husimamishwa palepale, katikati ya hesabu, hali yake ikahifadhiwa, nayo itarudishiwa nafasi baadaye bila kujua kwamba ilikatizwa. Wavuvi wa Apolo, vile vyombo vikubwa vya kuinua wavu, wanaifahamu sheria hii: nahodha akisema wavu upandishwe, anayekarabati kamba anaiacha ilivyo, na anayekula anaweka sahani chini. Kamba itakuwepo baadaye. Samaki hawatakuwepo.

Kompyuta ya mezani na simu ya kisasa pia hufanya kazi nyingi kwa pamoja, ila lengo lao ni jingine. Hutafuta wastani mzuri, yaani kazi nyingi zikamilike upesi kwa jumla. Mara mojamoja skrini inaganda kidogo, unavumilia. Mfumo wa wakati halisi hauulizwi wastani wake. Unaulizwa siku mbaya kuliko zote, kazi zote zikiamka kwa pamoja, ile muhimu itangoja kwa muda gani. Mashine ya polepole inayoweza kujibu swali hilo kwa uhakika ni bora kuliko ya kasi isiyoweza. Watu wengi hudhani wakati halisi maana yake ni kasi, na dhana hiyo imeponza miradi mingi. Aliyenunua chipu ya kasi mara kumi ili kuponya ucheleweshaji usiotabirika hugundua kwamba ucheleweshaji bado upo, umepungua tu kiasi cha kumfanya asiuone wakati wa majaribio.

Swali la siku mbaya lina hesabu yake. Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walithibitisha kwamba ukiwa na kazi zinazojirudia kwa vipindi maalumu, ukiipa kipaumbele cha juu ile inayojirudia mara nyingi zaidi, basi hakuna itakayokosa muda wake alimradi zote kwa jumla hazitumii zaidi ya asilimia 69 hivi ya muda wa kichakataji. Kwa hiyo mhandisi anaweza kukaa chini na kalamu, kabla hata ya kuwasha mashine, akajua kama ahadi zake zitatimia.

Na mifumo yenyewe? Ndani ya vitochi vingi vilivyojengwa kwa chipu za kampuni ya MediaTek ya Taiwan, mfumo uliotumika uliitwa Nucleus. Ndani ya vingi vyenye chipu za Spreadtrum ya China, uliitwa ThreadX. Yote miwili imetoka mkononi mwa mtu mmoja, Bill Lamie wa Marekani. Jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye maboksi ya simu, lakini Microsoft ilipoinunua kampuni ya ThreadX mwaka 2019 ilisema mfumo huo umeshawekwa kwenye vifaa zaidi ya bilioni 6. Mwaka 2014 wahandisi wawili, Andrew Huang na Sean Cross, walionyesha hadharani walivyofungua chipu ya MT6260, ya jamii ile iliyotumika kwenye simu za dola 12 zilizouzwa Shenzhen. Walikuta kichakataji cha megahezi 364 chenye megabaiti 8 tu za kumbukumbu, na wakafaulu kuendesha juu yake NuttX, mfumo wa wakati halisi ulio huru kwa mtu yeyote kuutumia. Nafasi moja ya zamu, zile mikrosekunde 577, ni mapigo 210,000 hivi ya saa ya kichakataji hicho. Ni mengi kwa programu iliyopangwa, na ni machache kwa iliyovurugika.

Jina la vyombo vile vya wavuvi linanikumbusha Apollo nyingine. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikiwa kinashuka mwezini, kompyuta yake iliyokuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu ya kuandikia ilizidiwa. Rada ambayo haikuhitajika wakati huo ilikuwa ikiiba sehemu ya muda wake. Tahadhari namba 1202 ikawaka, kisha 1201. Programu ya kupanga kazi, iliyobuniwa na Hal Laning, iliweka vipaumbele. Kompyuta ilijianzisha upya, ikaziacha kazi za chini, ikaendelea kuongoza injini, na watu wawili wakatua salama.

Kisa kinachofundisha zaidi, hata hivyo, ni cha Mirihi, na hiki nitakaa nacho kidogo. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baadaye, kilipoanza kukusanya vipimo vya hali ya hewa, kompyuta yake ikaanza kujianzisha upya, na kila mara sehemu ya kazi ya siku ikapotea. Mfumo endeshi ulikuwa VxWorks, wenye sifa njema na vipaumbele vilivyopangwa vizuri. Kazi ya juu ilisimamia njia ya pamoja ambayo vifaa vyote vilitumia kupeana data, na ilipaswa kukamilisha mzunguko wake mara nane kwa sekunde. Kazi ya chini ilikusanya vipimo vya hali ya hewa. Katikati yake zilikuwepo nyingine, mawasiliano yakiwemo.

Tatizo lilikuwa kwenye kufuli. Kazi mbili zinapotumia kitu kimoja, huwekewa kufuli la kiprogramu ili zisikiguse kwa pamoja: anayekishika hulifunga, akimaliza hulifungua, mwingine hungoja. Kazi ya hali ya hewa ililishika kufuli kwa muda mfupi sana, kama ilivyoruhusiwa. Kazi ya juu ikaja, ikakuta limefungwa, ikangoja, nalo ni jambo la kawaida. Lakini katika kipenyo hicho kidogo kazi ya kati ikaamka. Kwa kuwa inaizidi ya chini kipaumbele, ikaikatiza. Ya chini imesimamishwa, na kufuli lingali mkononi mwake. Ya juu inangoja kufuli. Ya kati, isiyohusika kabisa na kufuli hilo, inaendelea na shughuli zake ndefu. Mwisho wa yote kazi muhimu kuliko zote imekwamishwa na kazi ya katikati, na hakuna hata moja iliyovunja sheria. Mzunguko uliofuata ulipoanza na kukuta uliopita haujakamilika, mfumo ukahukumu kwamba kuna hitilafu kubwa na kuianzisha kompyuta upya.

Wahandisi wa maabara ya JPL huko California walikuwa na nakala ya chombo duniani. Waliiendesha na kurekodi kila tukio hadi kosa likajirudia mbele yao. Dawa ilikuwa inajulikana tayari: Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walikuwa wameieleza mwaka 1990. Kazi ya chini inaposhika kufuli linalongojewa na kazi ya juu, iazimwe kipaumbele cha juu hadi ilifungue. VxWorks ilikuwa na uwezo huo, lakini kwa kufuli lile ulikuwa umezimwa. Wakatuma badiliko dogo hadi Mirihi, ukawashwa, na kuanzisha upya kukakoma. Glenn Reeves, aliyeongoza timu ya programu, alieleza baadaye kwamba dalili zilikuwa zimeonekana kabla ya kuruka, zikahesabiwa kuwa nadra. Kosa la muda mara nyingi huwa na tabia hiyo. Linatokea mara moja kati ya maelfu, halijirudii ukilingojea, na ni rahisi kulisingizia umeme au joto.

Kuna aina nyingine ya kosa la muda ambayo nchi za Afrika Mashariki ziliipitia mwaka 2024. Mita za umeme wa kulipia kabla, zile ambazo Burundi watu huziita Cash Power na Tanzania LUKU, hupokea tokeni ya tarakimu 20. Ndani ya tokeni mmefichwa wakati ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, katika kaunta ya biti 24. Kaunta hiyo haiwezi kuvuka dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingefika siku hiyo bila kubadilishiwa ufunguo wake wa kusomea tokeni isingekubali tena tokeni mpya. Ndiyo maana mwaka huo Kenya Power iliendesha kampeni ya Update Token Meter Yako, TANESCO nayo ikawataka wateja wa LUKU waingize namba za ziada kabla ya tokeni yao ya umeme. Watu wengi waliona usumbufu mtupu. Mimi naona wahandisi waliochagua biti 24 wakijua zitajaa, wakaweka njia ya kuzianzisha upya, na njia hiyo ikafanya kazi kwenye mamilioni ya nyumba.

Karibu kila mfumo wa wakati halisi una kaunta ya namna hiyo, ikihesabu mapigo ya saa. Ikihesabu mara 1,000 kwa sekunde katika biti 32, itajaa na kurudi sifuri baada ya siku 49 na masaa kadhaa. Programu iliyoandikwa vizuri haijali. Iliyoandikwa kwa haraka hufanya kazi wiki saba bila doa, kisha siku moja inalala na haiamki, na aliyeitengeneza ameshaondoka.

Nimesema hadi hapa juu ya vitu vilivyotengenezwa mbali. Lakini chombo chenyewe cha kutengenezea kiko wazi kwa kila mtu. Mnamo 2003 Mwingereza Richard Barry alianza kuandika FreeRTOS, mfumo ambao kiini chake ni faili chache tu za lugha ya C. Tangu 2017 unatunzwa na Amazon, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na hata kuuza kifaa chenye mfumo huo bila kulipa. Chipu ya ESP32 ya kampuni ya Espressif, iliyotoka 2016, inaprogramiwa kwa zana ambazo tayari zina FreeRTOS ndani yake, na bodi yake hununuliwa kwa dola chache. Ina Wi-Fi, ina kumbukumbu ya kilobaiti 520. Ukilinganisha na ile kompyuta ya Apollo, kijana wa Rumonge mwenye bodi hiyo ana uwezo mkubwa mno mkononi. Kinachokosekana ni maelezo kwa lugha yake, na kazi inayostahili kufanywa.

Kazi ipo, tena ya dharura. Tangu 2020 Ziwa Tanganyika limepanda kiasi cha kuingia majumbani na kwenye barabara, kuanzia Uvira na Bujumbura hadi Rumonge na Kigoma. Ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kalemie, kwa hiyo mvua zikizidi hushuka taratibu sana. Watu wa ufukweni wanastahili kujua maji yamepanda sentimita ngapi wiki hii, kwa kipimo chao wenyewe kilichosimama pale wanapoishi.

Kipimo cha namna hiyo kimeshajengwa kwetu Afrika Mashariki. Nyeri, Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, akiwemo Ciira wa Maina, waliweka kwenye mto Muringato kifaa cha bei nafuu kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti isiyosikika na kutuma vipimo kwa mtandao wa redio uitwao LoRa, na mwaka 2023 wakachapisha namna ya kukitengeneza ili wengine waige.

Hebu tukisimamishe Kizuka, kwenye nguzo juu ya maji. Kifaa kinapiga sauti kuelekea chini na kungoja irudi. Katika joto la nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita ya umbali ni mikrosekunde 58 za kwenda na kurudi. Uso wa maji ukiwa mita 3 chini, mwangwi unarudi baada ya milisekunde 17.5. Sasa tuseme mwangwi umefika, lakini programu ilikuwa inashughulikia redio ya kutuma data, ikachelewa mikrosekunde 580 kuutambua. Kifaa kitasema maji yako sentimita 10 chini zaidi ya yalipo. Kesho yake redio isipoingilia, kipimo kitarudi mahali pake, na mtu anayesoma namba ataamini kwamba ziwa limepanda sentimita 10 usiku mmoja. Anaweza kuhamisha familia kwa sababu hiyo. Au, mbaya zaidi, baada ya tahadhari kadhaa za uongo ataacha kukiamini kifaa, na siku ya kweli atabaki ndani. Kupima mwangwi kunastahili kipaumbele cha juu kabisa, ikiwezekana saa ya ndani ya chipu inukuu wakati wenyewe bila kungoja programu. Kupima joto kunafuata, kwa kuwa kila nyuzi moja huongeza kasi ya sauti kwa mita 0.6 kwa sekunde. Kutuma data kunaweza kungoja hata dakika nzima. Hapo mpangaji ameshafanya sehemu ngumu ya kazi, na hajaandika mstari hata mmoja wa programu.

Kwa kijana wa Kizuka, Kigoma, Uvira au Kalemie atakayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Anza na kazi mbili tu kwenye bodi, moja ya kupima na moja ya kutuma. Andika kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kila moja inaruhusiwa kuchelewa kiasi gani na nini kitaharibika ikizidisha. Kitu ambacho kazi zote mbili zinakigusa kiwekee kufuli lenye kuazima kipaumbele, FreeRTOS inalo. Kisha kiwashe kifaa na usikikabidhi kwa mtu yeyote kabla hakijavuka siku ya 50 bila kuzimwa, maana baada ya siku 49 na masaa kadhaa ndipo kaunta ya biti 32 inayohesabu mara 1,000 kwa sekunde inaporudi sifuri.